Stelingi Mwenye Gambuti

Ukitaka kuingia video, kibanda cha sinema, kwa Husseini, hapa Maraba mjini Kakamega, usisome ubao. Ubao huo niliuandika mimi, na mwandiko wangu ni mbaya. Pitia kwanza ubavuni, kwenye ukuta wa mabati, utamkuta mama mmoja amekaa kwenye kigoda mbele ya karai la mandazi, mgongo ameuegemeza ukutani. Muulize sinema ya leo ikoje. Atageuza mandazi, atafikiri kidogo, kisha atakwambia. Akisema ni nzuri, nunua mandazi uingie. Akisema ni mbaya, nunua mandazi uende zako. Mandazi utanunua tu.

Huyo ndiye Dinah, Mama Ayuma kwa wote wanaomheshimu, na wasiomheshimu bado sijawaona. Mimi ni Hasina. Nakaa mlangoni nakata tiketi, kwa sababu mwenye video ni kaka yangu na hakuna mtu mwingine kwetu anayeweza kuwakazia macho vijana wa bodaboda. Kati ya kiti changu na kigoda chake kuna kona tu. Nimezungumza na mama huyu kuliko nilivyozungumza na mume wangu, na mume wangu ni mtu wa maneno.

Sasa kuna jambo ambalo wageni huwa hawalijui, na wakilijua hucheka mpaka washike mabati. Mama Ayuma hajawahi kuona sinema. Anazisikia tu. Tangu atoke kwao Musanda na kuweka jiko lake pale, ameegemea ukuta ule, na kila kinachopigwa ndani, iwe risasi, kilio, wimbo au busu, kinapita kwenye mabati kinamwingia mgongoni.

"Kanisa letu linakataza kuona sinema," aliniambia mapema kabisa tulipojuana. "Kusikia hawakutaja."

Kwetu sinema hazina majina. Majina yanayokuja nazo ni ya huko zilikotoka, sisi tunazipa majina yetu kufuatana na alivyosema Mama Ayuma. Kuna Ile ya Maji, mpya kabisa, watu wamepanda roketi kwenda kutafuta maji kwenye nyota. Vijana wa chuo kikuu walikuja makundi kwa makundi. Mama Ayuma aliisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye leso.

"Wamevaa manguo kama ya kunyunyizia ng'ombe dawa," akasema, "wameacha bibi zao na mimba, wamesafiri huko mbali. Kutafuta maji. Na mto Isiukhu iko hapo chini inapita bure."

"Mama, hiyo ni sayansi," kijana mmoja mwenye miwani akamwambia.

"Hata kama. Mtu anatafuta maji huulizanga wenyeji kwanza."

Kuna Ile ya Nyumba, ya mashetani, ambayo mimi niliona dakika tano za mwanzo na usiku ule nikalala na taa. Mama Ayuma haikumtisha hata kidogo. "Nyumba imewaambia tokeni. Imesema kwa upole, imesema kwa sauti, mwishowe imetupa sahani. Wao wanawasha mshumaa wanateremka chini kuangalia. Sasa mimi nimhurumie nani? Mimi nahurumia nyumba."

Ile ya Mama Mkwe ya Kinaijeria, yenye sehemu nne, aliimaliza kwa pumzi moja. "Sehemu ya kwanza anapika sumu. Ya pili inapoa. Ya tatu anatafuta sufuria. Ya nne ndio watu wanakula, na aliyekula ni pasta alikuwa anapita tu." Watu waliosikia hivyo waliruka tatu za kwanza wakaja ya nne peke yake, na Husseini akanuna siku nzima.

Lakini usidhani ni mtu wa kuponda kila kitu. Ile ya Kihindi ya Zamani aliisifu. Aliona kasoro moja tu, kwamba kijana anaimba mlimani, anaimba hospitalini, anaimba mbele ya baba ya msichana, na hajatuma mjomba hata mmoja kwenda kuzungumza. "Anashangaa nini akikataliwa? Posa gani ya kuimba?" Ila mvua ya humo ndani aliipenda sana. "Ile ni mvua ya kweli," akasema. "Niliposikia niliinuka nikaanua nguo." Na kweli alianua, nilimwona, jua likiwaka.

Halafu kuna Sammy wa bodaboda, mteja wetu wa kila siku, ambaye ana shida yake. Sammy hakubali mtu aliyekufa kwenye sinema moja aonekane kwenye nyingine. Anaweza kusimama katikati ya video na kuuliza, "Huyu si tulimzika kwa Ile ya Treni? Sasa ametoka wapi?" Akiulizwa hivyo Husseini humwambia akae chini. Mama Ayuma ndiye aliyemwekea jambo hilo sawa.

"Hakukufa, Sammy. Hukusikia vile alianguka? Mtu akikufa kweli anaangukanga mara moja. Huyo alianguka mara mbili."

Sammy akafikiri. "Kweli," akasema, na tangu siku hiyo huhesabu wanavyoanguka.

Nisijifanye mimi ndiye mjuzi. Mlangoni pale naona mwanzo na mwisho tu, katikati nakata tiketi na kugombana. Kaka yangu Husseini naye huweka sinema, huketi kwenye kiti chake cha nyuma, na kabla jina la sinema halijatoka kwenye kioo yeye ameshalala. Kwa hiyo video hii inaendeshwa na ndugu wawili ambao hawajaona sinema nzima hata moja, na mshauri wetu mkuu ni mtu ambaye hajaona hata nusu. Na tumekula kwayo miaka yote, alhamdulillahi.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanikera kwa Mama Ayuma, nacho ni stelingi wake. Stelingi ndiye mwenye sinema, yule ambaye risasi humpita ubavuni na hafi hata umfanyeje. Kwa Mama Ayuma stelingi wote walikuwa na umbo moja. Mrefu, mweusi, ana mwanya, anainama akipita mlangoni, na amevaa gambuti, yale mabuti ya mpira ya shambani. Awe Mchina wa ngumi, awe Mhindi wa kuimba, awe yule wa roketi, ni gambuti tu. Mimi ni mtu wa hasira ndogo ndogo, na hizo gambuti zilinimaliza.

"Mama Ayuma, huyu ni mfalme," nilimwambia siku moja. "Mwanzoni nimemwona kwa macho yangu. Ana taji na viatu vya dhahabu."

"Hiyo ni mwanzoni. Baadaye alibadilisha. Mvua ilinyesha."

"Na mwanya? Mwanya umeuona wapi?"

"Huo unasikika, mukhana." Mukhana ni msichana, na mimi nina watoto watatu, lakini yeye huniita hivyo na mimi huitika. "Ubaya wa hawa stelingi ni mmoja. Hawavuanga mlangoni. Wanaingia na matope mpaka kitandani. Kuokoa watu wanaweza, kufuta miguu imewashinda."

Niliacha kubishana. Unabishana vipi na mtu anayemlaumu mfalme kwa matope?

Sinema aliyoipenda kuliko zote ni Ile ya Hodi. Ni kuukuu hiyo, picha yake imejaa mistari, imo kwenye flashi ya Husseini tangu alipoinunua, na huiweka stima ikirudi ghafla kabla hajachagua nyingine, wakati mimi niko nje nakusanya watu upya. Mtu ameenda vitani, wamemtangaza amekufa, na baada ya miaka anarudi kwake mvua ikinyesha. Anapiga hodi. Mwanamke yuko ndani, anauliza, "Nani?" Yule mtu hawezi kusema, anakohoa tu. Mwanamke anakijua kile kikohozi, na sinema inaishia hapo mlango unapofunguliwa. Hodi ile ikipigwa, Mama Ayuma huacha kugeuza mandazi. Kila mara yanaungua. Wateja wa siku nyingi huyaita mandazi ya hodi, na hata ukiwapa bure hawayataki.

Basi, mambo yakaharibika. Siku hizi kila mtu ana simu, na simu ina sinema, na kijana akitaka kulia analilia kwenye simu yake. Husseini alikuwa ameanza kukonda. Alasiri moja aliamka katikati ya sinema, akatoka kupunga upepo, akapita ile kona, akakuta watu waliokaa kwenye benchi la Mama Ayuma, wameegemea ukuta wake, wanasikiliza sinema yake na kula mandazi yasiyo yake, ni wengi kuliko waliomo ndani.

Kwetu Mumias tumelelewa kutogombana na mtu mzima mbele ya watu. Alikwenda moja kwa moja kwa Kipkemboi muuza mayai, akarudi na trei za mayai zimejaa mkokoteni. Kuna mtu alimwambia wanaorekodi nyimbo hubandika trei ukutani ili sauti isitoke. Akazibandika zote kwa gundi, ndani, kuanzia chini mpaka dari, ule ukuta wa Mama Ayuma.

Ndani kukanuka ingokho, kuku mtupu. Na utitiri wa kuku, wale wadudu wadogo wasioonekana, walikuja bure na trei zao, kwa hiyo ukitazama video kwa nyuma ungeona watu wanajikuna wote pamoja. Lakini sauti kweli ilikwisha. Mama Ayuma aliegemea, akasogeza kigoda, akaegemea tena.

"Hasina, wamezima?"

"Inaendelea, mama."

Akaweka sikio kwenye bati. Kisha akageuza mandazi, na siku nzima hakutoa maoni yoyote. Nilimwonea huruma nikakasirika, maana mimi nikimwonea mtu huruma hukasirika kwanza.

Kesho yake Sammy akaja na kuuliza kama kawaida ya leo ikoje. Ukuta ulikuwa unatoa vishindo tu, du, du, kama mtu anayetwanga nyumba ya tatu. Mama Ayuma akasikiliza vishindo vile. Akamtazama Sammy anavyongoja. Nadhani alishindwa kumrudisha mtu mikono mitupu.

"Ya leo ni nzuri sana," akasema. "Kuna mtu ameibiwa ng'ombe. Ng'ombe mmoja tu, wa maziwa. Anamfuata milima yote, mchana na usiku. Kila boma anapofika anauliza, wanakataa. Unajua anampata wapi?"

"Wapi?"

"Kwa wakwe zake."

Sammy alipiga simu stejini kwa wenzake wa bodaboda. Waliingia hata ambao hawakuwahi kuingia. Nilikata tiketi mpaka kidole kikauma, na nikajiambia kumbe zile trei zina baraka. Sinema yenyewe ilikuwa ya wezi wa benki huko Ulaya, watu wa suti na miwani myeusi. Vile vishindo vilikuwa vya kupasua sefu.

Walivumilia mpaka mwisho wakijikuna. Taa ilipowashwa Sammy akasimama.

"Ng'ombe iko wapi?"

Husseini akaamka. "Ng'ombe gani?"

"Ng'ombe ya yule mtu. Imeibwa, iko kwa wakwe."

"Hakuna ng'ombe humu."

"Umekata," akasema Sammy. "Umekata ng'ombe ili uonyeshe kesho utulipishe tena."

Kaka yangu aliapa. Alitaja mpaka jina la marehemu baba yetu. Hawakumwamini hata mmoja, kwa sababu yeye hulala na wanajua hulala, na Mama Ayuma hajawahi kuwadanganya. Walisimama mlangoni mpaka nikawarudishia viingilio vyao, na mmoja alitaka arudishiwe na ya kujikuna.

Walipoondoka Husseini akapita ile kona. Alichutama, akamsalimu vizuri, akamuuliza habari za watoto. Kisha akasema, "Mama Ayuma, mimi nakuheshimu, lakini utanifungia kazi. Jumamosi mchana utaingia ndani mbele ya watu wote. Nitaweka Ile ya Hodi, ambayo unaijua wewe kuliko mtu yeyote. Uitazame kwa macho. Halafu utoke, uwaambie watu kama yule mtu ana gambuti au hana. Ukisema ukweli utabaki hapa, mahali pako ni pako, ila habari za sinema uniachie mimi. Ukikataa, utanisamehe, utafute ukuta mwingine."

"Na kanisa?" akauliza Mama Ayuma.

"Dhambi hiyo nitaibeba mimi."

"Wewe ni Mwislamu."

"Nitaibeba hivyo hivyo."

Nilitarajia atakataa kwa maneno makali, anayo ya kutosha. Aliukanda unga kwa nguvu, nikadhani ni hasira. Mwishowe akasema atakuja.

Jumamosi Maraba nzima ilikuwa kwetu. Sammy alileta watu watatu kwenye pikipiki moja, akarudi kuleta wengine. Mama Ayuma alikuja amevaa nguo zake za kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Alisimama mlangoni kidogo kama mtu anayeingia maji asiyojua kina chake. Kisha akaingia, akasalimia kila benchi, "mulembe, mulembe," akaketi mbele kabisa. Nilifunga mlango nikaingia na mimi. Nilisema na liwe liwalo, leo Hasina naye ataona katikati.

Taa zikazimwa. Sinema ikaanza na mistari yake. Akatokea stelingi.

Jamani. Alikuwa mfupi. Mashavu ameyajaza, nywele amezipaka mafuta mpaka zinang'aa, masharubu membamba kama yamechorwa kwa kalamu. Na miguuni amevaa viatu vyeupe. Vitani, kwenye matope, viatu vyeupe. Watu walicheka mpaka utitiri wakasahauliwa. Sammy alisema kwa sauti kwamba huyo hawezi hata kufukuza kuku. Husseini aliketi mbele safari hii, macho wazi, akimtazama Mama Ayuma kwa pembeni.

Mimi pia nilikuwa namtazama. Hakucheka wala hakugeuka. Mikono ilikuwa mapajani. Ilipofika mvua na hodi, aliinama mbele. "Nani?" akauliza yule mwanamke wa kwenye kioo. Kile kikohozi kikasikika, na wakati huo huo wakaonyesha uso wa yule mtu kwa karibu sana, poda inamchuruzika. Mama Ayuma akarudi nyuma polepole. Mlango ukafunguliwa.

"Kumbe anamfungulia," akasema kaka yangu, ambaye amemiliki sinema hiyo miaka yote hiyo. Alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kanzu.

Tukatoka nje wote. Husseini akasimama juu ya benchi. "Mama Ayuma, waambie watu. Ana gambuti au hana?"

"Hana," akasema. "Ni viatu vyeupe."

"Ni mrefu?"

"Si mrefu. Na mwanya hana."

"Lakini mama," Sammy akajaribu, "pengine baadaye, akishaingia ndani..."

"Hana, Sammy. Nimeona."

Watu hawakujua washangilie au vipi, wakaanza kutawanyika. Husseini akashuka, akampa mkono, akamwambia mahali pake ni pake, amesema ukweli na yeye hana neno. Mama Ayuma akashukuru. Akaenda nyuma ya kona, na mimi nikamfuata ili nimpe pole ya kimasihara. Nikamkuta anarudisha mafuta baridi kwenye mtungi. Kigoda alikuwa ameshakigeuza juu chini, amekifunga na leso.

"Sasa unaenda wapi? Si umeshinda? Amesema ubaki."

"Nibaki nimsikilize nani, mukhana?"

Sikuelewa, nikamwambia sijaelewa. Akakaa kwenye benchi.

"Were alikuwa dereva wa trekta ya miwa," akasema. Were ni mume wake. Nilijua aliwahi kuwa na mume na kwamba alifariki kabla Mama Ayuma hajaja mjini, zaidi ya hapo hakuwa amenieleza na mimi sikuuliza. "Mtu mrefu. Nyumba yetu ya kwanza alikuwa anaingia ameinama. Gambuti asubuhi, gambuti jioni, nilikuwa nagombana na yeye kila siku juu ya matope. Na alikuwa anakohoanga kabla ya kusema kitu, ile vumbi ya miwa."

Akafunga kifuniko cha mtungi vizuri.

"Hatukuwa watu wa picha. Picha yake ilikuwa moja, ile ya kitambulisho. Alipokufa nikaenda kuandikisha kifo, wakaniambia kitambulisho cha marehemu kinarudishwanga. Nikarudisha. Ndiyo sheria. Sikufikiria picha. Nilifika nyumbani nimekaa, ndio nikakumbuka."

Mimi nikaketi kando yake.

"Sura ikaanza kunipotea. Siku ya kwanza nimeweka jiko hapa, nikasikia mtu anapiga hodi ndani ya ukuta, akakohoa. Mimi si mjinga, nilijua ni sinema. Lakini nikiegemea hapo nilikuwa namwona vizuri, mpaka mwanya. Basi nikamwacha aendelee. Akawa Mchina, akawa mfalme, akaenda kutafuta maji." Alicheka kidogo. "Ndio sababu sikuingianga. Kanisa ni maneno tu, hata pasta anaangalia. Sasa leo nimefunga macho nimtafute, na anayekuja ni yule wa viatu vyeupe. Wamemfuta Were kazi."

Nilitaka kucheka kwa lile neno la kufutwa kazi, kilichotoka ni kilio. Nililia vibaya, nikajifuta kwa kitambaa cha mandazi. Kisha hasira yangu ikaja mahali pake, nikaingia ndani nikamkuta Husseini anapanga mabenchi. Nilimweleza yote, kuanzia kitambulisho mpaka viatu, na nikaongeza mengine yangu ambayo siwezi kuyarudia kwa sababu tumezaliwa na mama mmoja.

Husseini alitazama ule ukuta. Akapanda juu ya benchi akaanza kubandua trei kwa mikono miwili, zinapasuka, gundi inaruka, utitiri wanamwagika kwenye kanzu yake kama pumba. Alibandua mpaka ya mwisho chini kabisa. Kisha akaenda kwenye mashine, akairudisha Ile ya Hodi nyuma, akafungua spika mpaka mwisho na kuzima kioo. Video ilikuwa tupu na giza, sauti tu.

Tulipotoka Mama Ayuma alikuwa amesimama na karai kichwani. Husseini akakitwaa kigoda, akakifungua leso, akakiweka pale pale penye alama zake. Yeye mwenyewe akaketi chini, mavumbini, akaegemea mabati, anajikuna.

"Kaa kidogo, mama. Mimi nimeiona leo lakini sikuiona vizuri. Macho yangu si ya kutegemewa."

"Husseini, mimi sioni tena."

"Kaa tu."

Akashusha karai, akakaa. Hakuegemea. Ndani mvua ilikuwa imeanza kunyesha kwenye spika, mvua ya juu ya mabati inayopita kwenye mabati. Mimi nilisimama kwenye kona na kuomba kimoyomoyo kaka yangu asilale, maana angelala hapo ningemuua.

Hodi ikapigwa. Husseini akafumba macho.

"Huyu ni mrefu," akasema, kama anayejisemea mwenyewe. "Huyu hata mlango wenyewe haumtoshi. Ataingia ameinama."

Mama Ayuma akaegemeza mgongo, polepole, bega moja kisha la pili.

"Nani?" akauliza mwanamke wa ndani.

Mtu akakohoa. Mama Ayuma alikuwa amefumba macho na yeye, na mikono yake, ambayo haikuwa na mandazi ya kugeuza, ilikuwa imeshikana. Tulingoja. Hata Husseini aliacha kujikuna.

"Mwambie avue gambuti hapo nje," akasema. "Nimetoka kufagia."